Mistari Miwili Myeupe

Bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, ile ya Uingereza iliposhushwa. Rangi zake tatu kuu zilitoka kwa chama cha KANU: nyeusi ya wananchi, nyekundu ya damu iliyomwagika kupigania uhuru, kijani ya ardhi na utajiri wake. Katikati ipo ngao ya Kimaasai na mikuki miwili, ishara ya kuulinda uhuru huo.

Anayeitazama kutoka mtaa wa Section 58, hapa Nakuru, atulize jicho kwenye mistari myembamba myeupe.

Bendera ya KANU haikuwa nayo. Nyeupe ilikuwa rangi ya KADU, chama cha Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, kilichodai serikali za majimbo na kuungwa mkono sana katika Bonde la Ufa. Rasmi, nyeupe ni amani. Kisiasa, ilikuwa njia ya kuwapa wapinzani nafasi kwenye kitambaa cha taifa. KADU ilijivunja mwaka 1964 na majimbo yakafutwa. Mistari ikabaki.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilirudisha mjadala wa majimbo kwa sura mpya: kila kaunti, Nakuru ikiwemo, iwe na bendera yake, kama ilivyo kwa majimbo ya Marekani. Huko nako kuna vituko. Hawaii, jimbo tangu 1959, bado imebeba bendera ya Uingereza kwenye pembe ya juu ya bendera yake, kando ya milia minane ya visiwa vyake vikuu.