Kupaza, Kukuza, Kuzidisha

Kwa jambo dogo kama kuifanya redio isikike hadi uani, Kiswahili kina vitenzi vya kuchagua. Sauti unaiongeza, unaipandisha, unaifungulia mpaka mwisho. Mwadhini huipaza, fundi mitambo huikuza. Barazani hakuna anayepata hasara kwa kuvichanganya. Hasara huanza sauti inapopimwa kwa namba, na huwa kubwa zaidi namba hizo zinapopelekwa kwenye sikio la mtu asiyesikia vizuri. Hapo inabidi kujua ni kitenzi kipi kinajumlisha na kipi kinazidisha.

Namba zenyewe huitwa desibeli, neno lililoingia mitaani kwetu kwa mlango wa sheria. NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, likifungia baa Dar es Salaam, desibeli hutajwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele nazo zimeweka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa nje ya makazi ya watu. Basi tumelizoea neno hili kama tulivyozoea kilo na lita, na hapo ndipo linapotupiga chenga. Chukua spika mbili, kila moja ikitoa desibeli 80, uziwashe pamoja. Hupati 160. Unapata 83.

Wanaokumbuka logi za sekondari watajua sababu: kazi ya logi ni kugeuza kuzidisha kuwe kujumlisha. Ukiongeza desibeli 10 kwenye karatasi, hewani nguvu ya sauti imezidishwa mara 10. Ukiongeza 20, imezidishwa mara 100. 30, mara 1,000. Kuizidisha mara mbili ni desibeli 3 tu. Mwenye baa anayesoma kwamba kutoka mchana hadi usiku ashuke kutoka 50 hadi 35 anaweza kudhani ameambiwa apunguze kama theluthi hivi. La hasha. Ameambiwa abakize sehemu moja kati ya 30 na ushei.

Ndiyo maana nakipenda kitenzi kuzidisha kuliko wenzake wote. Jirani akigonga mlango na kusema, “Bwana, sauti umeizidisha,” analalamika kwamba kiasi kimepitwa, na papo hapo, bila kujua, ametaja hesabu sahihi ya fizikia. Kuongeza hakuna bahati hiyo.

Jina lenyewe la desibeli lina historia inayouma kidogo. Wahandisi wa simu wa kampuni ya Bell huko Marekani walikuwa wakipima kufifia kwa sauti kwenye waya kwa maili: sauti hii imefifia kama iliyopita katika maili kadhaa za kebo ya kawaida. Katika miaka ya 1920 waliiacha maili, wakatunga kipimo kipya na kukipa jina la Alexander Graham Bell, aliyekuwa ameshafariki mwaka 1922. Mama yake Bell alikuwa hasikii vizuri. Mkewe, Mabel, alipoteza kusikia utotoni kwa maradhi. Bell mwenyewe alifundisha viziwi, lakini viziwi wengi hawamkumbuki kwa wema, kwa kuwa alitaka wafundishwe kutamka na akaipiga vita lugha ya alama shuleni. Kila kipimo cha masikio kinachoandikwa hospitalini leo kina jina lake.

Kipimo hicho kina sifuri ya ajabu. Sifuri tuliyoirithi kwa Waarabu ni utupu. Sifuri ya desibeli si kimya. Ni sauti hafifu kabisa ambayo sikio zima la kijana linaweza kuinasa, kanieneo ya mikropaskali 20, yaani kama sehemu moja ya bilioni tano ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Chini yake sauti bado zipo, ila zinaandikwa kwa namba hasi: katika chumba maalumu cha kampuni ya Microsoft huko Redmond wamepima desibeli hasi 20. Wapimaji wa masikio nao wana sifuri yao nyingine, wastani wa watu wenye masikio mazima, unaopangwa upya kwa kila masafa. Grafu yao inasomwa kinyume: sauti ndogo ziko juu, kubwa ziko chini.

Hapo ndipo mzee anapoambiwa, “Umepoteza desibeli 60,” naye anarudi nyumbani kusimulia kwamba amebakiwa na asilimia 40 ya masikio yake. Si asilimia. Mazungumzo ya kawaida ya mtu aliye umbali wa mita moja hufika kama desibeli 60, kwa hiyo maneno ya mkewe yanamfikia kwenye ukingo kabisa wa kusikia, mengine yakiingia na mengine yakidondoka nje.

Basi si aongezewe 60, yaishe? Kila nyumba yenye mzee inajua jibu. Babu unamwita, kimya. Unamwita tena, kimya. Ukipaza sauti anageuka: “Mbona unanifokea?” Wala hakutanii. Sikio lililoharibika kwa ndani mara nyingi limeinuliwa sakafu, lakini dari limebaki palepale. Sauti ndogo haingii kabisa, na sauti kubwa humuumiza kama inavyotuumiza sisi. Mmarekani Samuel Lybarger aliligundua hilo katika miaka ya 1940 na kuweka kanuni ya nusu: aliyepungukiwa 60 akuziwe kama 30. Vifaa vya siku hizi huenda mbali zaidi. Mnong’ono hukuzwa sana, maongezi hukuzwa kiasi, na mlio wa sufuria iliyoanguka huachwa karibu ulivyo. Sauti zote zinabanwa ziingie katika nafasi iliyobaki.

Tena hazikuzwi sawasawa. Uzee hula kwanza sauti nyembamba, na katika sauti hizo ndimo zinamokaa s, sh na f. Irabu zetu, ambazo ni nene na zenye nguvu, hubaki. Ndiyo sababu mzee anakwambia anasikia ila haelewi: fika, shika na pika kwake zimekuwa neno moja, na bei ya sita anaweza kuidhania tisa.

Kwa hiyo anayemweleza mzee kwamba anapewa “kipaza sauti cha sikioni” anamharibia tangu mwanzo. Kupaza ni kuinua kila kitu kwa pamoja, na neno kipaza sauti lenyewe limeshachoka kwa kubeba maikrofoni na spika kwa wakati mmoja. Watanzania wana shimesikio, na mimi nalipigia kura. Shime ni wito wa kumhimiza mtu ajitahidi kwa nguvu alizonazo, na hicho ndicho kifaa hiki kinachofanya kwa sikio lililobakiwa na uwezo. Wanaopendelea “kifaa cha kusaidia kusikia” hawajakosea. Wanalipa tu kwa pumzi.

Lililobaki kunisumbua ni usikivu, neno linalopenda kuandikwa kwenye ripoti za afya: upungufu wa usikivu, usikivu hafifu. Huku kwetu mtoto msikivu ni mtoto mtiifu, na “hasikii” ni shtaka kabla ya kuwa ugonjwa. Mwalimu akimwambia mzazi kwamba mtoto wako hasikii, mzazi anaweza kufikia fimbo kabla ya kufikia kliniki. Ningependa walimu waseme “hasikii sauti ndogo”, au “hasikii akiwa nyuma ya darasa”. Ni maneno mawili matatu ya ziada, na mzazi ataelewa kwamba anaambiwa habari za sikio.