Mazoezi ya baiskeli majira ya baridi: Kupumzika nako ni sehemu ya kazi

JUA la mwezi Desemba katika jiji la London huchomoza kama saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Mjini Oslo, Norway, hali ni ngumu zaidi, kwani mwanga wa mchana hudumu kwa takriban saa 6 tu, na barabara mara nyingi huwa na theluji au barafu. Kwa mtu anayekwenda kazini kungali giza na kurejea nyumbani giza limekwishaingia, kufanya mazoezi ya baiskeli barabarani ni jambo gumu, na wakati mwingine ni la hatari.

Hata hivyo, mashindano hayamsubiri. Vätternrundan ya Sweden, iliyoanza mwaka 1966 na ambayo washiriki wake huzunguka ziwa kwa umbali wa kilomita 300 au zaidi, hufanyika Juni. L'Étape du Tour ya Ufaransa, ambayo tangu mwaka 1993 huwapa waendesha baiskeli wa ridhaa nafasi ya kupita katika njia mojawapo ya Tour de France, hufanyika Julai. Anayengoja joto lirudi ndipo aanze kujiandaa, huwa amekwishapoteza mengi.

Upotevu huo umepimwa. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Edward Coyle, na wenzake waliwachunguza wanamichezo wenye siha nzuri walioacha mazoezi. Katika wiki 3 za mwanzo, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa takriban asilimia 7. Baada ya wiki 8, ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16.

Ndiyo maana waendesha baiskeli wengi wa nchi za baridi hujifungia ndani na kufanya kile kinachoitwa mazoezi ya vipindi. Lakini mazoezi hayo yana masharti yake. Anayeyafanya bila mpangilio huweza kufika Februari akiwa amechoka kuliko alivyokuwa Novemba.

Chimbuko lake

Mazoezi ya vipindi ni yale ambayo mwanamichezo hufanya kazi ngumu kwa muda maalumu, kisha akapunguza kasi kwa muda maalumu, na kurudia hivyo mara kadhaa. Mpango kamili hutaja mambo manne: urefu wa kipindi, ukali wake, urefu wa mapumziko na idadi ya marudio.

Utaratibu huo ulianza kujengwa kitaalamu nchini Ujerumani katika miaka ya 1930, wakati kocha Woldemar Gerschler aliposhirikiana na daktari wa moyo, Hans Reindell. Wawili hao waliamini kuwa kipindi cha mapumziko, pale mapigo ya moyo yanaposhuka, ndicho kinachoujenga moyo. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mjini Milan mwaka 1939, rekodi ya dunia iliyodumu hadi mwaka 1955.

Baadaye Emil Zátopek wa Czechoslovakia aliyafanya mazoezi hayo kuwa maarufu duniani. Katika Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952 alishinda mbio za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Kutoka kwa wakimbiaji, utaratibu huo ulienea kwa waogeleaji, wapiga makasia na waendesha baiskeli.

Kinachotokea mwilini

Mwendo wa taratibu unaofanywa kwa muda mrefu huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli, na pia huongeza mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nguvu kwa kutumia oksijeni. Huo ndio msingi wa nyumba.

Kazi ngumu ya dakika chache huulazimisha moyo kusukuma damu nyingi karibu na kikomo chake. Ikirudiwa kwa wiki kadhaa, kiasi cha damu kinachosukumwa kwa kila pigo huongezeka, na mwili huweza kutumia oksijeni nyingi zaidi.

Faida ya kuigawa kazi hiyo katika vipindi ni rahisi kuielewa. Mtu akiambiwa aendeshe kwa nguvu zake zote bila kusita, huenda akachoka katika dakika ya 6. Akiigawa kazi hiyo na kupumzika katikati, anaweza kukusanya dakika 16, 20 au hata 32 za kazi ngumu katika jioni moja. Mapumziko ndiyo yanayomwezesha kufanya kazi zaidi.

Mwili, hata hivyo, haujengeki wakati wa kukanyaga pedali. Hujengeka baadaye, mtu anapokula, anapolala na anapofanya mazoezi mepesi. Asiyeupa mwili nafasi hiyo huwa anabomoa tu.

Namna ya kupima ukali

Kuna njia tatu zinazotumika. Ya kwanza ni kupima nguvu kwa wati. Kifaa cha kupimia nguvu hiyo kwenye baiskeli kilibuniwa na Mjerumani Ulrich Schoberer mwaka 1986, na leo stendi nyingi za mazoezi ya ndani, zile zinazoishika baiskeli isiende popote, zina kipimo hicho.

Wenye kipimo cha wati hutafuta kwanza kiwango chao cha kizingiti, yaani nguvu ambayo mtu anaweza kuidumisha kwa takriban saa moja. Kwa kuwa jaribio la saa moja ni zito, wengi hufanya la dakika 20 na kuchukua asilimia 95 ya wastani wake. Aliyepata wastani wa wati 220 atahesabu kizingiti chake kuwa wati 209.

Njia ya pili ni mapigo ya moyo. Kampuni ya Polar ya Finland ilitoa kifaa cha kupima mapigo kisichotumia waya mwaka 1982, na kwa watu wengi hicho ndicho chombo cha bei nafuu zaidi. Kanuni ya kutoa umri wa mtu katika 220 ili kupata kikomo cha mapigo yake ni makisio tu, na yaweza kukosea kwa zaidi ya mapigo 10. Aidha, mapigo hupanda polepole, hivyo hayafai kuongoza kipindi cha sekunde 30.

Njia ya tatu haina gharama: hisia. Mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, alitunga kipimo cha namba 6 hadi 20 ambacho mtu hukitumia kueleza uzito wa kazi anayoifanya. Njia nyepesi zaidi ni kusema. Anayeweza kutamka sentensi nzima bila kuhema yuko katika mwendo mwepesi. Anayeweza kutoa maneno mawili au matatu tu yuko katika kazi ngumu.

Vipindi vilivyofanyiwa utafiti

Norway imechangia sana katika elimu hii. Mwaka 2007 Jan Helgerud na wenzake wa Trondheim walichapisha utafiti juu ya wakimbiaji waliofanya vipindi 4 vya dakika 4, mapigo yakiwa asilimia 90 hadi 95 ya kikomo, na mapumziko ya dakika 3 ya mwendo mwepesi. Baada ya wiki 8, uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kwa takriban asilimia 7, wakati waliokimbia kwa mwendo wa taratibu hawakupata ongezeko kama hilo.

Mwaka 2013 Stephen Seiler na wenzake waliwalinganisha waendesha baiskeli wa ridhaa kwa wiki 7. Wengine walifanya vipindi 4 vya dakika 4, wengine vya dakika 8 na wengine vya dakika 16. Waliofaidika zaidi kwa jumla ni wale wa dakika 8, ambao mapigo yao yalikuwa karibu asilimia 90 ya kikomo. Hawakuwa waliojiumiza kuliko wote. Walipunguza ukali kidogo, wakapata muda mrefu zaidi wa kazi yenye manufaa.

Mwaka 2015 Bent Rønnestad na wenzake walichapisha matokeo ya vipindi vifupi: sekunde 30 za kazi na sekunde 15 za mwendo mwepesi, mara 13 mfululizo, kisha mapumziko ya dakika 3, na mzunguko wote kurudiwa mara 3. Waendesha baiskeli waliofanya hivyo waliendelea zaidi kuliko waliofanya vipindi 4 vya dakika 5.

Vipo pia vipindi vya Izumi Tabata wa Japani, vya mwaka 1996: sekunde 20 za kazi kali mno na sekunde 10 za mapumziko, mara 7 au 8. Vilifanyiwa utafiti kwenye baiskeli za maabara, na ukali wake ni mkubwa kiasi kwamba anayeanza hana haja ya kuvigusa.

Mfano wa wiki 12

Mwenye saa 6 kwa wiki anaweza kuanza Januari na kumaliza Machi. Katika wiki 4 za kwanza hufanya vipindi mara moja tu kwa wiki, kwa mfano vipindi 3 vya dakika 10 chini kidogo ya kizingiti, na siku nyingine zote huendesha kwa wepesi. Katika wiki 4 zinazofuata huongeza siku ya pili na kutumia vipindi 4 vya dakika 8. Katika wiki 4 za mwisho huweza kubadilisha siku moja iwe ya vipindi vya dakika 4, au vile vya sekunde 30 kwa 15.

Wiki moja ya katikati yaweza kuwa hivi: Jumatatu ni mapumziko. Jumanne ni vipindi, dakika 70 pamoja na dakika 15 za kupasha mwili moto na dakika 10 za kuupoza. Jumatano ni mwendo mwepesi wa saa moja. Alhamisi ni vipindi tena, dakika 70. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko, na Jumapili ni mwendo mwepesi wa saa 2 na nusu, nje ikiwa barabara inaruhusu. Jumla ni chini kidogo ya saa 6.

Kila wiki ya nne, muda wa mazoezi hupunguzwa kwa karibu theluthi moja na siku ya pili ya vipindi huondolewa. Hiyo ndiyo wiki ambayo wengi huiruka kwa kudhani wanapoteza wakati.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kuanza kwa pupa. Mwendesha baiskeli hukifanya kipindi cha kwanza kama cha mwisho, kisha nguvu zikashuka hadi akakiacha cha nne. Kipimo cha kipindi kilichofanywa vizuri ni kwamba cha mwisho kinalingana na cha kwanza.

Kosa la pili ni kuzifanya siku zote kuwa ngumu kiasi. Programu za kuendesha baiskeli ndani ya nyumba, kama Zwift iliyoanzishwa mwaka 2014, zimeondoa upweke kwa kuwakutanisha watu wa nchi mbalimbali kupitia intaneti. Lakini anayeshindana kila usiku hana tena siku nyepesi. Siku yake ya vipindi humkuta amechoka, na siku yake ya mapumziko haimpumzishi.

Kosa la tatu ni kusahau joto. Kati ya nguvu yote anayotumia mwendesha baiskeli, robo au pungufu ndiyo inayofika kwenye pedali, na iliyobaki hugeuka joto. Nje upepo huliondoa, ndani ya chumba hakuna upepo. Feni kubwa na chupa ya maji si anasa, kwani bila hivyo mapigo hupanda na kazi hushuka.

Kosa la nne ni kula kidogo ili kupunguza uzito huku mazoezi yakiongezeka. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu madhara ya mwanamichezo kukosa nishati ya kutosha, yakiwamo kudhoofika kwa mifupa, kuvurugika kwa homoni na kupungua kwa kinga ya mwili.

Tahadhari za kiafya

Kazi kali huupa moyo mzigo mkubwa kwa ghafla. Mtu aliyevuka umri wa miaka 40, aliyekaa muda mrefu bila mazoezi, au mwenye shinikizo la damu, kisukari au historia ya ugonjwa wa moyo katika familia anapaswa kumwona daktari kabla ya kuanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia wakati wa mazoezi si dalili za kuvumiliwa. Mtu aache mara moja na kutafuta tiba.

Kwa wanaothubutu kutoka nje, hewa baridi na kavu huweza kubana njia za pumzi, hasa kwa wenye pumu, hivyo vipindi vikali ni vyema vifanyiwe ndani. Mwenye homa asifanye mazoezi kabisa. Na yeyote anayeona mapigo yake ya asubuhi yamepanda kuliko kawaida kwa siku kadhaa, usingizi ukimpaa na hamu ya baiskeli ikimwisha, ajue mwili unadai mapumziko.

Afrika Mashariki haina majira ya theluji, lakini ina masika, giza la saa 12 na nusu jioni na msongamano wa magari, na mchezo wenyewe unakua. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Mwendesha baiskeli wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuutumia mpango huu huu katika wiki za mvua, mradi atafute chumba chenye hewa na kufanya mazoezi alfajiri kabla ya joto.

Popote atakapokuwa, hesabu ni ile ile: siku mbili ngumu kwa wiki, nyingine ziwe nyepesi kwelikweli. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na anayekijaza Januari hana sababu ya kukimwaga Februari.