Samatta wa Lubumbashi: miaka mitano iliyofunikwa na Ulaya

Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2026 ilitimia miaka kumi tangu Mbwana Ally Samatta, mzaliwa wa Dar es Salaam, alipouaga mji wa Lubumbashi, Kongo, na kwenda Ubelgiji. Na magazeti ya pwani, kila yanapoikumbuka safari ya mshambuliaji huyo, aghalabu huanza kuihesabu tangu siku aliyovaa jezi ya Genk, kana kwamba kijana yule aliondoka Mbagala asubuhi akaamkia Ulaya. Miaka mitano aliyoishi huko katika jimbo la Katanga, ambayo ndiyo iliyomtoa katika hali ya kijana wa kutumainiwa ikamtia katika daraja ya mchezaji wa kutegemewa, hupewa sentensi moja, na mara nyingine hunyimwa hata hiyo sentensi. Makala haya yamekusudia kuirejesha miaka hiyo mahali pake, na riwaya nitakayoifuata kwa sehemu kubwa ni ile ya wapenzi wa klabu yake ya Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, watu ambao hawana unyenyekevu wanapoisifu timu yao, wala hawana sababu ya kuwa nao.

Klabu yenyewe iliasisiwa mwaka 1939 na watawa wa Kibenediktini kwa jina la Saint-Georges, ikapita katika majina kadhaa, ikadumu muda mrefu kwa jina la Englebert, ambalo lilikuwa jina la matairi ya magari, kabla ya kutulia katika jina la TP Mazembe. Ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena 1968, ikafika fainali mbili nyingine mfululizo bila ya kushinda, kisha ukaja ukame mrefu. Mwaka 1997 Moïse Katumbi, tajiri ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Katanga, alishika uongozi wake. Na fedha yake, ikiungana na mapenzi ya mji wa shaba ambao haukupata furaha nyingi katika miaka ile, ikaleta ubingwa wa 2009 na wa 2010. Mwezi wa Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe iliwafunga Internacional wa Brazil mabao 2-0 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na ijapokuwa Inter ya Milano iliwashinda 3-0, mlinda mlango Robert Kidiaba, aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka juu ya nyasi hali ameketi, alikuwa tayari amejulikana ulimwengu mzima.

Hao ndio mabingwa waliopangiwa kukutana na Simba ya Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2011, na hapa ndipo lilipozuka shauri ambalo Kamalondo halijasahauliwa mpaka leo. Mazembe ilishinda 3-1 Lubumbashi, ikashinda tena 3-2 Dar es Salaam, ikaendelea na njia yake ikakutana na Wydad ya Casablanca, nayo ikaitoa. Kwa hesabu ya uwanjani Simba ilikuwa imekwisha kuzikwa. Walakini Simba ilikuwa imepeleka malalamiko katika Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, kwamba beki Janvier Besala Bokungu, aliyekuwa Espérance ya Tunis kabla ya kurejea Lubumbashi, hakuwa na haki ya kuichezea Mazembe. Na mwezi wa Mei shirikisho likatoa hukumu iliyoishtua bara zima: bingwa mtetezi, aliyekuwa akitafuta kombe la tatu mfululizo, ametolewa katika mashindano, na Simba na Wydad, timu mbili ambazo zote zilikuwa zimeshindwa naye, zitacheza mchezo mmoja katika uwanja usiokuwa wa yeyote kati yao ili apatikane wa kuchukua nafasi yake.

Mchezo huo ulifanyika Cairo tarehe 28 Mei 2011, Wydad ikashinda 3-0, na Simba ikarejea nyumbani bila ya faida iliyoitafuta. Wydad ikaendelea mpaka fainali, na huko fainali ikashindwa na nani? Na Espérance ile ile ambayo jina lake lilikuwamo ndani ya shauri la Bokungu. Msomaji anaweza kukisia namna jambo hili linavyosimuliwa Kamalondo: kwamba kombe la tatu lilichukuliwa mezani kwa kalamu, na kwamba waliolichukua hawakuwa na uwezo wa kulishinda kwa miguu. Mimi, nikipima kwa insafu, siwezi kuwalaumu Simba, kwa sababu kanuni zimewekwa ili zitumiwe, na klabu yenye fedha na makarani kama Mazembe ilipaswa kuzijua karatasi za mchezaji wake kabla ya kumwingiza uwanjani. Hata hivyo nayaona maumivu ya watu wale kuwa ni ya haki, maana hakuna aliyewahi kudai kwamba timu iliyokuwa bora katika mechi zile mbili ilikuwa nyingine isipokuwa yao.

Ajabu ya mambo ni kwamba katika mwaka ule ule wa hasama, Mazembe ilichukua kutoka Simba wachezaji wawili, kiungo wa Uganda Patrick Ochan na mshambuliaji ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na tisa. Samatta alikuwa ametoka African Lyon mwaka mmoja tu nyuma, na umri wake pamoja na uchache wa michezo aliyoicheza ungetosha kuwa hoja ya kumwacha. Kijana wa Kitanzania kwenda katika klabu ambayo nchi yake ilikuwa imeishitaki, katika mji ambao jina la Simba lilikuwa likitamkwa kwa uchungu, si jambo dogo. Na ninaamini kwamba wale wanaoandika juu ya ujasiri wake alipokwenda Uingereza wameutazama ujasiri wa pili wakauacha wa kwanza. Hata hivyo hakwenda mji usiojua lugha yake, kwa kuwa Lubumbashi husema Kiswahili sokoni, migodini na katika mabaraza ya nyumba, kwa lahaja yake yenyewe na kwa maneno mengi ya Kifaransa, na mtu wa pwani akishapita wiki chache hapo huzoea.

Mambo aliyoyakuta huko yalikuwa mageni kwa mchezaji wa ligi zetu. Mazembe ilikuwa na uwanja wake yenyewe Kamalondo, uliofunguliwa mwaka ule ule wa 2011, wenye nyasi za bandia na nafasi ya watu wasiofika elfu ishirini. Ilikuwa na Trésor Mputu, aliyepewa na CAF mwaka 2009 tuzo ya mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika. Ilikuwa na Wazambia Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, na baadaye Waghana, Wamali na Waivory Coast, kila mmoja akiitaka nafasi ya mwenzake. Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, naye alifuata njia hiyo hiyo, na kama haki ingetendeka jina lake lingetajwa mara nyingi zaidi. Katika jamii ya namna hiyo mtu hawezi kuishi kwa sifa alizotoka nazo kwao. Ubingwa wa Kongo ulikuja mara kwa mara, lakini Afrika ilikataa: 2012 Espérance iliwazuia katika nusu fainali, 2013 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho wakashindwa na Sfaxien ya Tunisia, 2014 waliowatoa walikuwa ndugu zao wa Kinshasa, Vita Club. Miaka mitatu ya kukaribia na kukosa ndiyo iliyomkomaza Samatta, na wala sioni kwamba shule yoyote ya Ulaya ingemfunza subira ile.

Mwaka 2015, chini ya mwalimu Mfaransa Patrice Carteron, mlango ulifunguka. Katika nusu fainali Mazembe ilishindwa 2-1 na El-Merrikh huko Omdurman, na katika marudiano ya Lubumbashi ikashinda 3-0, Samatta akifunga mawili. Tarehe 31 Oktoba ikaenda Algiers kucheza na USM Alger mchezo wa kwanza wa fainali: Kalaba akatangulia kufunga, Samatta akaongeza kwa penalti, na Mazembe ikarejea na ushindi wa 2-1. Tarehe 8 Novemba Kamalondo ikajaa. Kwa zaidi ya saa nzima bao halikupatikana, na kila dakika iliyopita iliwapa Waarabu wa Algeria tumaini, mpaka penalti ilipotolewa katika robo ya mwisho ya mchezo na mpira ukawekwa mbele ya Samatta. Mpigaji wa penalti katika saa kama ile hubeba juu ya mguu wake mji mzima, pamoja na yale yote ambayo mji huo umepokonywa, na katika penalti ile ilikuwamo pia ile karatasi ya 2011. Akafunga. Roger Assalé akafunga la pili mwishoni, na Mazembe ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya tano. Mtu aliyetoka Simba ndiye aliyeifungulia Mazembe kombe ililoamini kuwa Simba iliizuia kulipata.

Alimaliza mashindano yale akiwa na mabao 7, sawa na Bakri Al-Madina wa El-Merrikh, na hakuna aliyewazidi. Usiku wa tarehe 7 Januari 2016, mjini Abuja, CAF ilimtangaza kuwa mchezaji bora wa mwaka miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, kwa pointi 127, akimwacha mwenzake Kidiaba na 88. Hajapata Mtanzania mwingine kufikia hapo kabla yake. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa Genk. Na miezi michache baadaye Katumbi mwenyewe, kwa sababu ya siasa, aliondoka nchini akakaa ughaibuni miaka mitatu.

Yaliyofuata msomaji anayajua. Alikuwa bingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, akafunga Anfield dhidi ya Liverpool katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, akaenda Aston Villa Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza, akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi ambayo Manchester City ilishinda 2-1. Kisha Fenerbahçe, Antwerp, Genk kwa mara ya pili, PAOK ya Thessaloniki iliyotwaa ubingwa wa Ugiriki 2024, na tangu Agosti 2025, Le Havre ya Ufaransa.

Linalonihuzunisha ni kwamba njia aliyoifungua imeachwa iote majani. Vijana wetu, na zaidi yao mawakala wao, huiota Ulaya moja kwa moja, wakaidharau klabu ya Kiafrika ambayo ingewapa michezo mikubwa arobaini mbele ya watu wenye kudai, na wengi huishia katika madaraja ya chini ya nchi za baridi ambako hakuna anayewatazama. Lubumbashi nayo haikuhifadhi haki yake: inajivunia Mtanzania yule katika mazungumzo, lakini haijajitahidi vya kutosha kuwaita wengine waje.

Ama ile hasama ya 2011, nayo hatimaye ilirudi uwanjani, mahali ilipostahili kuamuliwa tangu mwanzo. Aprili 2019, wakati Samatta akiwania ubingwa na Genk, Simba na Mazembe zilikutana katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Dar es Salaam walitoka 0-0. Wiki moja baadaye, Lubumbashi, Emmanuel Okwi, aliyekuwa Simba pamoja na Samatta kabla ya yote hayo, aliwafunga Mazembe katika dakika ya pili. Mazembe ikajibu kwa mabao manne, na safari hii hakuna aliyeandika barua kwenda CAF.