Njia Panda na Makutano

Mtu akitoka Nairobi kupitia Nanyuki, na mwingine akitoka mjini Meru, wote wakielekea kaskazini, barabara zao huungana kabla ya kuteremka Isiolo. Wakishafika mjini huweza kuachana tena: huyu akashika lami ya Archer's Post, Marsabit na Moyale, yule akaelekea Garba Tulla, Modogashe na Wajir. Hata mradi wa ukanda wa usafiri wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, ulichorwa kwa mantiki hiyo: ukanda unatoka baharini, unafika Isiolo, kisha unagawanyika, upande mmoja Ethiopia, mwingine Sudan Kusini. Kiswahili kinapaita mahali pa namna hii kwa majina mawili. Wanaoachana hapo husema ni njia panda. Wanaokutana husema ni makutano.

Majina hayo nayataka kwa ajili ya kazi nyingine kabisa: gemu za kusimuliwa, zile ambazo skrini hukupa kisa, ikasita, kisha ikakuuliza utafanya nini. Ukitafuta jina la haraka utasema "hadithi yenye matawi". Jina hilo lina kasoro ya hatari. Tawi likishaachana na shina halirudi kuungana na tawi jingine. Mwandishi akiliamini, ataandika mpaka akonde.

Tumchukue kijana aliyesimama steji ya Isiolo jioni, hana nauli ya basi, anatafuta lori. Apande la Moyale au la Wajir? Tuseme safari yake ina maamuzi kumi, kila uamuzi una pande mbili, na hakuna njia inayokutana na nyingine. Mwandishi atahitaji miisho 1,024. Vipande vyote, tangu cha kwanza, ni 2,047. Kila kipande kikiwa na maneno 200, ameandika zaidi ya maneno 400,000, ilhali msomaji mmoja atapita vipande 11, maneno 2,200, akazima simu alale. Vitabu vya Choose Your Own Adventure, ambavyo msomaji huchagua njia ya kisa, vilianzia karibu na hali hiyo: cha kwanza, The Cave of Time cha Edward Packard, kilitoka 1979, na Sam Kabo Ashwell alipoainisha miundo ya gemu hizi mwaka 2015, muundo wa njia zisizokutana aliupa jina la pango hilo la wakati. Dawa ya pango ni ufupi, yaani njia zikatishwe mapema. Kijana wetu angekufa kwa kiu aya ya tatu.

Mafundi hujenga makutano. Aliyeondoka usiku na aliyelala Isiolo akaondoka alfajiri, wote wafikishwe Laisamis, na kisa kiendelee kutoka hapo kikiwa kimoja. Waandishi wa Kiingereza hupaita shingo ya chupa, jina la kulalamikia msongamano. Sioni sababu ya kulitafsiri. Makutano nchini Kenya ni mahali pa heshima. Ndipo magari husimama, chai ikauzwa, na abiria wa huku wakapata habari za kule.

Ugumu wenyewe unaanzia hapo. Vijana wawili wamefika Laisamis, mmoja njiani alimpa mzee maji, mwingine alimpita. Mzee akitokea na kuwasalimu wote kwa maneno yaleyale, mchezaji atajua amedanganywa. Programu kwa hiyo inaweka kumbukumbu ya kilichotendwa. Wanakompyuta wana majina yao ya kumbukumbu hiyo. Kwa mwandishi napendekeza deni. Maji yaliyotolewa ni deni ambalo kisa lazima kimlipe mchezaji, na maji yaliyonyimwa ni deni ambalo mchezaji atalipishwa. Jina hili lina faida ya kutia hofu inayostahili, kwa sababu madeni kumi ya ndiyo-au-hapana yanazaa hali 1,024, hesabu ileile tuliyoikimbia. Deni lilipwe mapema, ikiwezekana kabla ya Marsabit.

Istilahi za darasani hazitufikishi mbali. Tanzania wana muundo wa msago kwa kisa kinachokwenda moja kwa moja, na muundo wa rukia kwa kinachorukaruka. Kenya tunafundishana kisengere nyuma, kisa kinaporudi nyuma. Ila katika yote hayo anayeruka ni mwandishi, msomaji anafuata tu. Kilicho karibu zaidi ni ngano ya mtanziko, ambayo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anaijua: msimulizi anafikisha wahusika penye uamuzi mgumu, anawauliza wasikilizaji, kisha ananyamaza. Mjanja huyu! Anaondoka palepale ambapo mwandishi wa gemu anaanza kufanya kazi.

Kuna pia taabu ya lugha yenyewe, na hii nadhani haijasemwa vya kutosha. Programu kama Twine, iliyotengenezwa na Chris Klimas mwaka 2009, inakuruhusu kuacha pengo katika sentensi, lijazwe na kitu alichochagua mchezaji. Kwa Kiingereza pengo moja linatosha. Kwa Kiswahili kijana akichukua kisu, atakificha, akichukua tochi, ataificha, mkate, atauficha, jiwe, atalificha. Nomino ikibadilika inaburuta kitenzi, na mwandishi asiyepanga ngeli zake mapema atajikuta kijana "ameificha kisu". Kwa upande mwingine lugha inatuonea huruma: "alipanda lori" haisemi kama ni msichana au mvulana, kwa hiyo mchezaji achague apendavyo, sentensi inabaki ilivyo. Mwandishi wa Kifaransa angetuonea wivu.

Kuhusu neno la kile anachochagua mchezaji, nitasema kwa ufupi: chaguo, wingi wake machaguo. "Gemu ya chaguzi" iepukwe, maana Mkenya atatafuta debe. Na chaguo lisilobadilisha chochote, lile la kumfurahisha mchezaji tu, naliita chaguo la geresha. Si dhambi kulitumia mara mojamoja.

Limebaki suala la maandishi ya kwenye kitufe. "Panda lori" ni amri, inamfanya mchezaji kuwa mtumwa wa hadithi. "Kupanda lori" inanukia fomu ya ofisi ya kaunti. "Nipande?" inaomba ruhusa kwa mtu asiyejulikana. Mimi naandika "Napanda", na kando yake "Sipandi", neno moja kwa neno moja. Shida ni kwamba kijana wa Isiolo, kabla ya kupanda au kukataa, atataka kumuuliza dereva anatoza ngapi, na hicho ni kitufe cha tatu.