Leso ya Desdemona

Tarehe 1 Novemba 1604, katika kasri ya Whitehall mjini London, kundi la waigizaji wa Mfalme James lilicheza tamthilia ya jemadari Mwafrika anayeitumikia Venisi na mkewe Mzungu. Katika Othello hamna mzimu wala jini. Kinachoivunja nyumba ni kitambaa kimoja cha mkononi, leso, neno ambalo Waswahili walilipata kwa Wareno.

Kisa chenyewe Shakespeare alikitoa kwa Mwitaliano Giraldi Cinthio, aliyekichapisha mwaka 1565. Humo, mshika bendera anamtamani mke wa mkubwa wake, na anapokosa, mapenzi yanageuka kisasi. Siku moja bibi huyo anatembelea nyumba ya mshika bendera. Mwenyeji anampakatisha binti yake wa miaka mitatu, na mgeni akiwa ameshughulika na mtoto, leso inachomolewa kiunoni mwake. Mwishowe anauawa kwa soksi iliyojazwa mchanga, kisha wauaji wanamwangushia dari ili ionekane ajali.

Shakespeare alimwondoa mtoto, akaondoa na mkono wa mwizi. Kwake, Othello analalamika kuwa kichwa kinamuuma. Desdemona anatoa leso iliyotariziwa matunda ya stroberi amfunge. Mume anaikataa, eti ni ndogo, nayo inaanguka; wote wawili wanaondoka. Emilia, mke wa Iago, anaiokota na kumpa mumewe, naye anakwenda kuitupa chumbani kwa Cassio, luteni wa Othello. Basi yule atakayekuja kuidai leso kwa vitisho alikuwapo ilipoanguka, tena kwa sababu yake, na wala hakumbuki.

Iago ni ofisa aliyekuwa akikitaka cheo cha luteni, Cassio akapewa. Fitina yake, kwamba Desdemona ana mapenzi ya siri na Cassio, haianzii kwenye leso. Kwanza anaguna. Anarudia neno la mwisho la Othello kama anayelishangaa, anakatiza sentensi, anasema hapendi kumchafulia mtu jina, mpaka jemadari mzima anabaki kumbembeleza atoe siri ambayo haipo. Kila mtaa unamjua mtu wa aina hii, yule anayeanza na "mimi sitaki kuingilia." Shaka ikishaota, ndipo anapotaja kwamba amemwona Cassio akijifutia ndevu kwa leso fulani. Katika tamthilia nzima Iago anasema maneno mengi kuliko Othello mwenyewe.

Si wote waliovutiwa. Mwaka 1693 mhakiki Mwingereza Thomas Rymer aliicheka: vurugu yote hii kwa kitambaa! Alishauri iitwe tanzia ya leso. Rymer alikuwa mkali kuliko alivyokuwa makini, maana udogo wa kitambaa hicho ndio kipimo cha kazi aliyoifanya Iago. Mtu aliyeandaliwa hivyo, hata uzi ungemtosha kuwa ushahidi.

Wafaransa walikuwa na tatizo jingine: adabu. Neno lao la leso linatokana na kupenga kamasi, na lilionekana halifai kusikika katika tanzia. Jean-François Ducis alipoileta tamthilia hiyo Paris mwaka 1792, leso aliigeuza utepe wa kichwani wenye almasi. Mwaka 1829 Alfred de Vigny akathubutu kulitaja neno lenyewe katika jukwaa la Comédie-Française, na watazamaji wakazusha zogo. Zogo hilo lilikuwa la neno, ilhali jukwaani mwanamke asiye na hatia anauawa na mumewe.

Giuseppe Verdi aliirudisha Italia, ikiwa opera, katika jumba la La Scala mjini Milan tarehe 5 Februari 1887. Hapo Iago hangoji bahati ya kuokotewa. Anampokonya Emilia leso kwa nguvu. Kwa miaka kadhaa ya matayarisho, Verdi na mtunzi wa maneno yake, Arrigo Boito, waliiita kazi hiyo Jago. Jina la Otello lilirudi mwaka 1886.