Ngazi ni ya Nani?

Nyumba ninayopanga Bujora, si mbali na makumbusho ya Wasukuma, ina vyumba sita na ngazi tatu za saruji za kupandia ukumbini. Ya katikati ilikuwa imemeguka. Mdogo wangu alipokuja kunisalimia usiku mmoja aliikanyaga, akaanguka, akavunjika mkono. Mwenye nyumba alitupa pole, kisha akasema: "Mpangaji wangu ni wewe. Huyu sina mkataba naye."

Sikuwa na jibu. Nililipata maktabani, nikisoma historia ya sheria kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili.

Mwaka 1893, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Miller dhidi ya Hancock. Miller alikwenda kumwona mpangaji kwa shughuli zake, akaanguka kwenye ngazi iliyolika. Majaji walisema mwenye jengo amekodisha vyumba, lakini ngazi imebaki mikononi mwake. Chumba cha juu bila ngazi hakifai kitu, na anayekipangisha anajua wageni watapita hapo. Basi awajibike.

Miaka thelathini baadaye upepo uligeuka. Katika kesi ya Fairman, iliyochapishwa 1923, mwanamke aliyekaa kwa dada yake alinasa kisigino kwenye shimo la ngazi ya pamoja. Majaji wa juu kabisa walisema yeye si mpangaji, ameruhusiwa kupita tu, na shimo lilionekana. Akatoka mikono mitupu. Uingereza ilirekebisha hali hiyo kwa sheria ya bunge mwaka 1957.

Katikati ya hukumu hizo mbili ipo tarehe yetu: 22 Julai 1920. Sheria ya Tanzania inasema tulirithi kanuni za mahakama za Kiingereza zilizokuwapo siku hiyo, kwa kadiri zinavyofaa mazingira ya hapa. Hukumu ya Miller ilikuwa ndani ya urithi huo. Ya Fairman ilikuja baadaye; hakimu wetu anaweza kuisikiliza, ila halazimiki kuifuata.

Nilirudi kwa mwenye nyumba bila kutaja kesi yoyote. "Mzee, mimi nalipia chumba. Ile ngazi umempangisha nani?"

Alinyamaza. Jumamosi fundi alikuja na mfuko wa saruji. Gharama za hospitali bado tunazizungumza.