Sakafu ya Saruji ya Mapambo Tabora: Maji Kwanza, Rangi Baadaye

Wananchi wengi wa Mkoa wa Tabora hujenga na kukarabati nyumba zao wakati wa kiangazi, baada ya mauzo ya tumbaku, mpunga na mazao mengine. Hicho ndicho kipindi ambacho fedha huwa mkononi, barabara hupitika na mvua haiwezi kuharibu kazi. Ni kipindi hicho hicho ambapo visima hupungua maji, upepo huwa mkavu na jua huwa kali. Kwa mwananchi anayekusudia kuweka sakafu ya saruji yenye rangi au nakshi, mgongano huo wa fedha na maji ndio huamua iwapo sakafu itadumu miaka mingi au itaanza kupasuka na kutoa vumbi kabla ya masika.

Makala hii inaeleza aina za sakafu za saruji za mapambo, mahali inapofaa kila moja, na hatua ambazo mwananchi anapaswa kuzisimamia mwenyewe kabla ya kumlipa fundi.

Kutoka chokaa ya pwani hadi saruji ya reli

Katika karne ya 19, njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Msafiri aliyeifuata njia hiyo aliona nyumba zikibadilika kadiri alivyoiacha pwani. Bagamoyo kulikuwa na mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo. Bara, ambako matumbawe hayapo, watu walijenga kwa walichonacho, yaani udongo, miti na nyasi. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako David Livingstone aliishi mwaka 1872, ni kumbukumbu ya ujenzi huo wa kuta nene za udongo. Leo jengo hilo ni makumbusho.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikarahisisha usafirishaji wa vifaa vizito kutoka pwani. Saruji ilianza kuzalishwa nchini katika kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Kwa njia ya reli, umbali kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni kilomita zipatazo 840. Umbali huo humo ndani ya bei ya kila mfuko, na ni sababu tosha ya kutoruhusu hata mfuko mmoja upotee kwa kazi mbovu.

Afya hutangulia mapambo

Sakafu ya saruji ina faida inayozidi uzuri wake. Utafiti uliofanyika nchini Meksiko na kuchapishwa mwaka 2009 ulichunguza kaya zilizowekewa sakafu za saruji chini ya mpango wa serikali ya nchi hiyo. Ulikadiria kuwa kuondoa kabisa sakafu ya udongo kulipunguza maambukizi ya vimelea kwa watoto wadogo kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Sakafu hizo zilikuwa za saruji ya kawaida, zisizo na rangi wala nakshi.

Kwa kaya yenye fedha kidogo, hilo lina maana moja. Ni bora vyumba vyote vinavyotumiwa na watoto viwe na sakafu ya saruji ya kawaida kuliko sebule moja iwe na terazo huku vyumba vya kulala vikibaki na udongo. Rangi na nakshi zinaweza kuongezwa mwaka mwingine juu ya jamvi lililo imara.

Miongozo ya nchi za baridi na hali ya Tabora

Maelezo mengi kuhusu saruji ya mapambo huandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi kali. Huko maji yaliyopenya kwenye zege huganda na kutanuka kwa takribani asilimia 9, na uso wa sakafu ya nje hubanduka. Kwa sababu hiyo wajenzi wa huko huchanganya dawa ya kuingiza viputo vidogo vya hewa kwenye zege, hupaka dawa za kuzuia chumvi inayotumika kuyeyushia barafu, na wengine hupitisha mabomba ya joto chini ya sakafu.

Mji wa Tabora uko kwenye uwanda wa juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai kiwango cha joto hushuka hadi karibu nyuzi 15 za Selsiasi, na kuelekea Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30. Sakafu ya saruji huhisiwa baridi asubuhi za Juni, na mkeka au zulia hutosha kuiondoa adha hiyo. Maji hayagandi ndani ya zege, hivyo mwananchi hana sababu ya kulipia dawa za kukabili barafu. Hata katika maeneo ya Tanzania ambako sakitu huonekana, kama Makete, hali hiyo hailingani na majira marefu ya theluji ya nchi za kaskazini.

Maadui wa sakafu Tabora ni wengine: kukauka haraka wakati wa kiangazi, unyevu unaopanda kutoka ardhini wakati wa masika, udongo usioshindiliwa vizuri, na mchwa wanaopenya kwenye nyufa.

Aina za sakafu na mahali zinapofaa

Niru ya kawaida ni uso laini wa saruji unaosawazishwa kwa mwiko juu ya sakafu mbichi. Ndiyo ya gharama nafuu kuliko zote, inafaa vyumba vya kulala na stoo, na hurekebishika kwa urahisi.

Niru ya rangi hutengenezwa kwa kuongeza rangi ya madini ya chuma, hasa nyekundu, nyeusi au njano. Rangi hizo hustahimili jua. Kipimo cha kawaida ni asilimia 5 ya uzito wa saruji, yaani kilo 2.5 kwa mfuko wa kilo 50, na kisizidi asilimia 10. Rangi ikizidi hapo hudhoofisha uso badala ya kuukoleza. Ichanganywe na saruji ikiwa kavu hadi mchanganyiko uwe na rangi moja, na rangi ya chumba kizima inunuliwe kwa pamoja. Niru hii inafaa sebule na baraza. Hung'arishwa kwa nta, lakini nta isipakwe bafuni wala kwenye ngazi kwa sababu ya utelezi, hasa penye wazee na watoto.

Terazo ni mchanganyiko wa saruji na chenga za marumaru au mawe mengine, unaosagwa kwa mashine baada ya kukomaa hadi chenga zionekane. Hugawanywa kwa vipande vyembamba vya kioo, plastiki au shaba ili kuzuia nyufa. Gharama yake ya mwanzo ni kubwa na huhitaji fundi mwenye uzoefu, lakini hustahimili miguu mingi na husafishika kwa urahisi. Inafaa sebule, jiko, korido na nyumba za biashara. Usagaji ufanyike kwa maji, na mafundi wavae barakoa, kwa kuwa vumbi kavu la mawe na saruji huharibu mapafu kabisa.

Zege la kupigwa chapa hugandamizwa kwa kalibu likiwa bado bichi ili lipate sura ya mawe au matofali. Vitofali vya saruji vya kutandaza uani hutengenezwa kiwandani au kwa mashine ndogo. Aina hizi mbili hufaa nje ya nyumba. Kwa uani wenye udongo unaotitia, vitofali vina nafuu zaidi, kwani kimoja kikizama huinuliwa na kurudishwa bila kuvunja eneo lote. Uso wa nje upewe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta.

Kazi isiyoonekana

Pambo lolote hubebwa na tabaka zilizo chini yake. Udongo wa juu wenye mizizi uondolewe, kifusi kishindiliwe kwa tabaka, kisha yapangwe mawe na kuwekwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu kabla ya kumwaga jamvi. Niru ya rangi iliyowekwa juu ya jamvi lisilo na nailoni mara nyingi huonyesha madoa meupe ya chumvi baada ya masika ya kwanza.

Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, jamvi lenye unene wa sentimita 10 kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, huhitaji mifuko ipatayo 8 ya saruji. Tabaka la juu la sentimita 4 kwa uwiano wa 1:3 huhitaji mifuko mingine ipatayo 5. Fundi anayetaja idadi iliyo chini sana ya hiyo aombwe kueleza atapunguza nini.

Jamvi la unene huo likatwe mikato ya kudhibiti nyufa kila baada ya mita 2.4 hadi 3.6. Kwa chumba kilichotajwa, mkato mmoja katikati ya upande mrefu unatosha. Zege hupungua linapokauka. Lisipoandaliwa mahali pa kupasukia, litajichagulia lenyewe, na ufa huo utapita katikati ya pambo.

Bajeti ya maji

Maji ya kuchanganyia yawe lita 25 hadi 28 kwa mfuko wa kilo 50, kutegemea unyevu wa mchanga. Mafundi wengine huongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi. Maji hayo ya ziada huacha vinyweleo, na sakafu hutoa vumbi kila inapofagiliwa.

Baada ya kumwagwa, sakafu itunzwe ikiwa na unyevu kwa siku zisizopungua 7. Saruji hupata nguvu kwa kuungana na maji, na ikikauka mapema nguvu hiyo hukoma kuongezeka. Kwa chumba cha mita za mraba 12 kilichofunikwa kwa magunia au mchanga, kadirio la ndoo 2 hadi 3 za lita 20 kwa siku linafaa. Kukifunikwa kwa nailoni iliyobanwa pembeni, maji yanayohitajika hupungua sana. Kwa niru ya rangi, nailoni iwekwe bila mikunjo, kwa sababu mikunjo huacha alama.

Mji wa Tabora, pamoja na Nzega na Igunga, umeunganishwa na bomba la maji ya Ziwa Victoria. Mwananchi aliye nje ya mtandao huo, anayetegemea kisima au muuza maji, ahesabu gharama ya maji ya siku 7 kabla ya kununua rangi. Asipoweza kuimudu, ni busara kugawa kazi na kumaliza chumba kimoja kimoja. Kumwaga zege jioni na kuzuia upepo madirishani pia hupunguza upotevu wa maji.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa

Mwananchi ahakikishe mfuko wa saruji una alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na daraja la nguvu, kwa kawaida 32.5 au 42.5, na kwamba saruji haina mabonge yaliyoganda. Aombe kuonyeshwa sakafu ambayo fundi aliiweka mwaka mmoja au zaidi uliopita, kwa kuwa sakafu mpya huonekana nzuri hata ikiwa mbovu. Makubaliano yaandikwe, yataje uwiano, unene, nailoni, mikato na nani atamwagilia maji, na sehemu ya malipo ibaki hadi siku 7 za utunzaji ziishe. Kwa ujenzi mpya, kibali cha ujenzi kipatikane kwanza kutoka halmashauri husika.

Mafundi wavae glavu na viatu vya mpira, kwani saruji mbichi huchoma ngozi. Watoto na mifugo wazuiwe kukanyaga sakafu hadi muda wake utimie.